Mjukuu Wangu Kereni Hapiki

Afadhali niwaambie mimi mwenyewe, maana mkisubiri kusikia kwa majirani zangu wa Kilolo watawaambia nilikuwa nimelewa ulanzi, na mimi siku ile ulanzi sikuutia mdomoni hata wa kusukutua. Nilikuwa na akili zangu zote, nimenyoa, nimevaa koti, nimesimama mbele ya kanisa lililojaa hadi mlangoni, na mdomo wangu huu huu ndio uliomtukana mke wa mwanangu kwenye ubatizo wa mtoto wake. Aibu niliyoipata, ningekuwa kobe ningeingia ndani nikabaki huko mpaka masika.

Ilikuwa hivi. Mwanangu Festo ni seremala kule Mafinga, anatengeneza milango na vitanda vya watu (changu mimi bado kinalia kama mlango wa zizi, lakini tuyaache hayo), na mke wake anaitwa Tumpe, Mnyakyusa wa Tukuyu, ana saluni yake pale mjini, anapamba maharusi. Binti mwenye adabu kupita kiasi. Wao huko kwao, wale waliolelewa na mabibi wa zamani, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni wala hamsemeshi, basi tangu aolewe nilikuwa naijua zaidi sauti ya kandambili zake kuliko sauti yake. Nikifika Mafinga anapita nyuma ya nyumba, salamu ananiletea Festo, chai analeta Festo, na mimi nikitaka kumshukuru nauambia ukuta.

Wakajaliwa mtoto wa kike, wa kwanza. Na kwetu sisi mtoto wa kwanza jina linatoka kwa babu. Festo akanipigia simu, baba, jina? Nikamwambia tulia, utalisikia kanisani.

Sasa mimi elimu yangu ni ya kuchungulia (nilifika darasa la pili, mwalimu akahama, na mimi nikahama), lakini masikio yangu yamesoma. Na nilishachoka na majina ya hapa kwetu. Ukiita Neema kanisani inasimama nusu ya safu za kina mama, ukiita Upendo inasimama ile nusu nyingine. Tena wakwe zangu wa Tukuyu ni watu wa dini kwelikweli, mama yake Tumpe anaongoza kwaya na Biblia anaitembelea kama shamba lake, nikasema hawa lazima wajue kwamba hata huku Uheheni maandiko yalifika.

Jumapili moja nikiwa nimesinzia (saa za mahubiri usingizi wake ni mtamu, msinisute), nikasikia wanasoma habari za Ayubu baada ya shida zake kwisha, kwamba alipata mabinti watatu warembo hakuna mfano. Wa kwanza Yemima, huyo alinipita usingizini. Wa pili Kezia, na Kezia ninaye tayari, ni dada yake mke wangu, sikutaka kumwita mara nyingi zaidi ya ninavyolazimika. Wa tatu Keren-hapuki. Nikafumbua macho. Jina lina urefu, lina mlio, na kuanzia Ilula mpaka Tunduma sijawahi kusikia mtu ameitwa hivyo. Nikaamua palepale. Sikumuuliza mchungaji maana yake, sikumwambia mke wangu, sikumwambia mtu. Hapo ndipo nilipotelezea, ingawa wakati ule niliona ninapanda ngazi.

Nikawa nafanya mazoezi zizini. Mnajua sisi Wahehe ile "ra" hutupiga chenga, ukiitafuta unakuta imeshakuwa "la", basi nguvu zangu zote niliziweka kwenye Kereni, Kereni, Kereni, mpaka "ra" ikawa inanguruma kama pikipiki inapanda mlima na mbuzi wakawa wananiangalia kwa heshima. Ile Hapuki sikuihangaikia. Niliona ni nyepesi, nikaiacha ijiendee yenyewe, nikidhani njia inaijua.

Hapa nirudi nyuma kidogo, la sivyo hamtaelewa kwa nini palichimbika. Mke wangu, mama Festo, alikuwa ameenda Mafinga kumwangalia mzazi, akarudi na uso wa mawingu. Anasema alimkuta Festo anasonga ugali, mwanaume mzima, na mkewe yuko saluni anawapaka watu wanja. Nikamwambia huo ugali uliiva? Akasema uliiva. Nikamwambia basi. Lakini yeye hakusema basi, alisema kisimani, akasema na kwenye kikundi cha kina mama, kwamba mkamwana wangu ni mzuri ila hapiki. Na maneno ya namna hiyo hayahitaji nauli, yalifika Tukuyu kabla mama Festo hajamaliza kufungua mzigo wake. Kwa hiyo wakwe walipokuja kwenye ubatizo, wamepita Mbeya, wamepita Makambako, wamefika Kilolo na baridi yetu, walisalimia vizuri kamwene kamwene, lakini masikio wameyasimamisha. Na jioni ile kina mama uani kwangu wanagawana kazi za sherehe: huyu anapika wali, yule anapika kuku, fulani hapiki ana kifua, fulani naye hapiki ana mtoto mchanga. Anapika, hapiki, anapika, hapiki, mpaka nimeshikwa na usingizi.

Kesho yake kanisani. Mchungaji ni mgeni kidogo, ana muda mfupi tangu aletwe kwetu. Tumpe amembeba mtoto, ameinamisha kichwa, mama yake yuko safu ya mbele na kitenge kipya. Mchungaji akauliza mtoto huyu anaitwa nani, akaninyooshea kipaza sauti kwa sababu Festo alishamwambia jina liko kwa mzee. Nikavuta pumzi, nikanyoosha koti, "ra" nikaikamata kwa mikono miwili.

"Kereni Hapiki."

Mchungaji akanitazama. Akasema, "Mzee, umesema?"

Mimi nikajua huyu kijana kitabu cha Ayubu hajakifikia, nikamhurumia, nikasogea karibu zaidi na kipaza sauti nikarudia kwa sauti ya mnadani, "Kereni Hapiki."

Kicheko kilianzia kwenye kwaya. Mimi nikadhani ni furaha, nikapunga mkono, naam, nikapunga mkono kama mbunge. Na yule mchungaji, sijui alidhani ni jina la ukoo, sijui aliniogopa, akamwaga maji: Kereni Hapiki, nakubatiza. Mara ya tatu hiyo, tena na ya kwake ina Utatu Mtakatifu juu yake. Nikarudi kukaa nimefura kwa raha. Mke wangu akaninong'oneza bila kunitazama.

"Baba Festo, umesema hapiki."

"Nimesema Hapuki."

"Umesema hapiki. Na umerudia."

Nikageuka. Mama yake Tumpe hacheki. Tumpe ameinama mpaka uso hauonekani. Jasho lilinitoka kwenye baridi ya Kilolo, ambayo hata mahindi huilalamikia.

Kule nyumbani chakula kimepakuliwa, sufuria zinafuka moshi, watu wamekaa, na hakuna anayegusa, maana wakwe ndio wa kuanza na wakwe wamekaa wamekunja mikono. Mama Tumpe alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni na mabegi ameyasogeza njiani. Anasema yeye anaondoka na binti yake na mjukuu wake, wakapumzike Tukuyu ambako watu hawana shida ya kupikiwa. Festo amesimama katikati kama nguzo ya umeme. Mimi nikaenda, nikapiga goti moja (lile lingine halipigi), nikaeleza habari za Ayubu, za mbuzi, za "ra". Mama Tumpe akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mkwe," akasema, "kwetu tukitaka kumsema mtu tunamwita tunamkalisha. Hatumwambii kwa kumbatizia mtoto."

Nikaona hili limenizidi, nikakimbia (kwa mwendo wangu) kumwita mchungaji na Biblia yake. Akaja, akafungua, akaonyesha, ndiyo, lipo, Keren-hapuki, binti wa Ayubu. Mama Tumpe akachukua kitabu akasoma mwenyewe kwa kidole, uso ukaanza kulegea. Jirani mmoja akauliza kumbe ni Kereng'ende? Akanyamazishwa. Nikapumua. Tayari nimeona paja la kuku linaniita. Ndipo mama Tumpe akauliza, kwa upole tu, na maana yake ni nini?

Mimi maana sikuijua. Lakini mchungaji aliijua, kwa sababu amesoma, na watu waliosoma wakiulizwa hujibu. Akasema, "Maana yake ni pembe ya wanja. Zamani walihifadhi wanja kwenye pembe."

Yaani sasa imekamilika. Mkamwana ana saluni, kazi yake wanja, mama mkwe wake kamsema kwamba anashinda kwenye wanja na hapiki, halafu babu anasimama kanisani na kumpa mtoto jina linalosema vyote viwili, wanja ndani ya Biblia na hapiki mdomoni mwake. Hata mimi mwenyewe kama ningekuwa mgeni nisingeniamini. Mama Festo alijifunika kanga usoni. Mama Tumpe akarudisha Biblia, akakaza mbeleko, akamwambia Festo alete begi la mwisho.

Hapo tukasikia sauti kutoka nyuma ya mlango wa jikoni. Kwanza nilidhani mtu analia. Kumbe Tumpe anacheka, anacheka ameshika ubavu, akatoka hadi uani machozi yanamtiririka, na wanja wenyewe umemchuruzika mashavuni, akapita mbele ya mama yake, akapita mbele ya mumewe, akaja akasimama mbele yangu mimi, akanitazama usoni. Wazee wa Tukuyu walishika vinywa. Mimi nilitafuta ukuta wa kuutazama, sikuuona.

"Baba," akasema, "jina nimelipenda. Na kweli sipiki, Festo anapika vizuri kuliko mimi. Lakini ungeniuliza."

Ndiyo maneno ya kwanza aliyonisemesha tangu aingie nyumba yangu. Nikasema, "Nitakuuliza, mama," na sauti yenyewe ilitoka kama ya mbuzi. Akamfungua mtoto mgongoni mwa mama yake, akanipa mimi nimshike, akaenda akachukua sahani, akapakua, akampa mama yake kwanza, akampa mama Festo, wakawekwa jamvi moja wale wawili, na baada ya tonge la tatu nikasikia mama Festo anauliza kwa sauti ya kujikwaa eti wanja wa maharusi unauzwaje, naye ana harusi ya mpwa wake. Mabegi yakarudi ndani.

Mchungaji alisahihisha jina mbele ya watu Jumapili iliyofuata, akalitaja polepole herufi kwa herufi, haikusaidia kitu. Nyumbani kwao Mafinga anaitwa Kereni. Akija Kilolo kijiji kizima kinamwita Hapiki, na yeye anaitika, tena kwa mbio, kwa sababu kila anayemwita hivyo humpa kitu cha kula.

Tumpe ana mimba nyingine sasa. Alinipigia mwenyewe, siku hizi hapitii kwa Festo, akaniuliza, baba, jina? Nikamwambia mwanangu, muulize aliye tumboni, au uliza mama yako, au piga kura, mimi usinihesabu. Mimi nitakuja na jogoo, nitakaa safu ya nyuma kabisa, kipaza sauti kikija upande wangu nitakohoa, na wakati wa kuitikia Amina nitaitikia kimoyomoyo, maana yule mchungaji bado yupo, asije akasikia akadhani ndilo jina lenyewe.