Pikapu ya Mama Wangoi na Trela ya Maji

Watu waliteka maji kwanza.

Phanuel alikuwa amebanwa kwenye kiti cha dereva, mguu umekwama, na nje ya kioo kilichopasuka aliona mabeseni, sufuria, mitungi. Watu wanasukumana. Hakuna aliyemwangalia.

"Nisaidieni," alisema. Sauti haikutoka.

Mimi ni jirani yake hapa Gatwekera, Kibera, tumetengwa na mabati tu. Haya alinieleza mwenyewe, mosmos, kidogo kidogo, akiwa amelala kitandani. Amenikubalia niyaandike.

Phanuel alikuwa dereva wa Mama Wangoi. Huyu mama ni mjane, ana ploti kule Kongo, ile sehemu ya Kawangware, na nyuma ya nyumba zake za kupangisha ana kisima cha mashine. Maji hayamwishii.

Mke wa Phanuel, Sella, naye ana kibanda cha kuuza maji Mashimoni, huku huku Kibera. Huko mifereji ikikauka, inakauka kweli kweli.

Kwa hivyo kazi ilijipanga yenyewe. Maji yatoke Kongo, yafike Mashimoni.

Gari lilikuwepo. Mama Wangoi alikuwa amenunua pikapu kwa mnada, wakati mradi fulani wa wageni ulikuwa unafunga kazi. Pikapu ya kutisha. Ilikuwa imetoka Australia, na ikipita Kawangware hata watu wa boda walikuwa wanaipigia saluti.

Kilichokosekana ni trela.

Naftaly, fundi wa kuchomelea vyuma, akaiunda. Vyuma vizito, matairi manne, na juu yake tenki ya lita elfu tano.

Siku ya kuichukua, Naftaly alijikuna kichwa.

"Mathe, hii ikijaa ni tani tano na zaidi. Inafaa iwe na breki zake yenyewe. Nipe wiki hivi nitafute vifaa."

Mama Wangoi hakutaka wiki. Lakini pia si mtu wa kukurupuka. Akampigia simu kijana wake Eugene, aliye Texas. Eugene ana pikapu kama hiyo hiyo, picha zake Kongo nzima imeziona.

"Mum, hiyo gari ni mnyama," Eugene alisema, simu ikiwa imewekwa sauti kubwa. "Yangu inavuta boti, inavuta farasi, na uzito kuliko huo. Huku hata hatuulizani. Huyo fundi anataka tu kazi iongezeke."

Kisha akatuma video. Pikapu inapanda mlima, nyuma boti kubwa kama nyumba, na gari halihemi.

"Mimi ndiye niliamini kuliko wote," Phanuel aliniambia. "Mimi ni dereva, bana. Ukionyeshwa gari ikivuta hivyo, unajiona ni wewe umeshika usukani."

Naftaly akachukua spana. Trela ikafungwa.

Safari za kwanza walikuwa wanajaza nusu. Phanuel akipunguza mwendo, alihisi trela ikimgusa mgongoni, kama mtu asiye na subira kwenye foleni. Mwanzoni ilimsumbua. Baadaye akazoea.

Tena alikuwa amechoka. Kujaza, kuvuta, kumwaga, kurudi. Jioni anafika kejani, anakula, anaanguka kitandani. Mtu akichoka hivyo, kitu kikimgusa mgongoni hageuki kuangalia.

Halafu mifereji ya Mashimoni ikakauka kabisa.

Sella alimpigia asubuhi. "Baba Austin, foleni imefika kwa kanisa. Watu wameteseka. Leo jaza yote, aki."

Akajaza yote.

Ngong Road alienda vizuri. Kibera Drive, polepole, lakini sawa. Shida ilianzia pale njia ya murram inaposhuka kuingia Mashimoni.

Alikanyaga breki. Pikapu ikataka kusimama, trela ikakataa.

Alikanyaga tena, nguvu zote. Harufu ya breki kuungua ikajaa ndani. Akarudisha gia chini, injini ikapiga mayowe, na nyuma ya gari ikaanza kuteleza kando, kwa sababu ule mzigo ulikuwa unataka kumpita.

Akapiga honi. Akaendelea kuipiga.

Chini aliona mitungi ya manjano imepangwa. Aliona watu. Na alimwona Sella, amempa mgongo, anakunjua mpira wa maji tayari kwa kazi. Hakugeuka. Alizoea honi za mumewe, alidhani anamsalimia.

Kulia kulikuwa na mawe ya msingi, nyumba ambayo mtu alianza kujenga akaachia hapo. Phanuel hakukumbuka kuamua. Alikumbuka tu mikono yake ikizungusha usukani, na mawe yakija.

Trela ililala ubavu. Tenki ikapasuka.

Na watu, ambao walikuwa wamekaa bila maji siku nyingi, wakasikia maji.

Sitawalaumu. Hata yeye hajawalaumu. Ni mama mmoja aliyeinua beseni, akaona mkono kwenye kioo, akatupa beseni chini: "Woi! Dereva yuko ndani!" Hapo ndipo watu walipoacha mitungi, wakang'oa mlango kwa vyuma na mikono.

Hospitalini Sella hakuweza kumtazama.

"Baba Austin, nikwambie kitu."

"Niambie."

"Na mimi niliteka. Mitungi miwili. Niliona maji yetu yanapotea. Nilidhani umeruka nje, aki ya Mungu nilidhani umeruka."

Phanuel alitazama dari. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili.

"Hiyo mitungi iko wapi?"

"Nyumbani."

"Basi niletee kesho hayo maji ya kuoga. Hapa hawana."

Sella alicheka huku analia.

Baadaye akaja Wanja, dada wa kukagua magari ya ajali kwa niaba ya bima. Alimkuta Mama Wangoi ameketi kando ya kitanda, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuhukumiwa.

"Mwanangu aliniambia yake inavuta zaidi ya hiyo," Mama Wangoi alisema. "Gari moja, aina moja."

"Mama, gari aina moja inaweza kuandikiwa uzito tofauti," Wanja akajibu. "Amerika wana kipimo chao. Ulaya wana chao, na mara nyingi kiko chini. Australia nao wana chao. Kila nchi inaangalia barabara zake na sheria zake. Lakini ile namba kubwa, kote huko, ni ya trela inayojifungia breki yenyewe. Kama haina, Australia ilikotoka hii gari mwisho ni kilo mia saba na hamsini."

"Hiyo ni maji ngapi?" Phanuel aliuliza.

"Mitungi thelathini na kitu, ile ya lita ishirini. Na hapo bado hujapima vyuma vya trela."

Mama Wangoi akatoa simu, akampigia Eugene pale pale, simu ikiwa kwa sauti kubwa.

"Eugene. Ile trela yako ya boti, ina breki zake?"

"Sijui, Mum."

"Hujui aje na ni yako?"

Wanja akatazama dirishani.

"Mum, hiyo gari si yangu. Ni ya mzee mwenye yadi ninakofanya kazi. Mimi huiosha tu. Sijawahi kuiendesha, hata leseni ya huku sina. Ile video niliichukua nikiwa kwa geti." Sauti ikakatika. "Phanuel yuko hapo?"

"Niko."

"Nisamehe, bro. Sikujua. Kweli sikujua."

Phanuel aliniambia alitaka kukasirika. Alijitafuta ndani, akakosa nguvu ya hiyo kazi. "Sawa, Eugene," akasema tu.

Mama Wangoi alikaa na simu mkononi. Watu wa Kongo walizoea kumsikia akijivunia huyu kijana hata kwa muuza mboga. Sasa uso wake ulikuwa umeshuka.

"Umekula leo?" akamuuliza Eugene.

"Bado."

"Enda ukule. Halafu unipigie, uniambie ukweli, unaishi wapi na unaishi aje."

Siku hizi Phanuel anatembea na magongo. Jana tulikuwa tumekaa kando ya barabara, akapita jamaa wa mkokoteni, amejaza mitungi mpaka juu. Alipofika penye mteremko aliinua mikono ya mkokoteni, kipande cha tairi kilichofungwa nyuma kikakwaruza barabara, mzigo ukatulia.

Phanuel alimtazama mpaka akapotea kwenye kona.

"Huyo hana hata injini," akasema. "Lakini ana breki."

Wewe unayesoma, ukiambiwa na mtu wa mbali kwamba kwao kitu fulani hufanyika bila shida, usimwite mwongo. Muulize tu kama amewahi kukifanya yeye mwenyewe. Halafu uulize ni nini kinachoshikilia mzigo wakati wa kuteremka.