Hesabu za Pande Mbili za Ukuta

Baba mkwe wangu nilimwona mara moja tu maishani, na mara hiyo moja alinikimbia.

Nikisema alinikimbia simaanishi kwamba aliondoka kwa adabu. Mzee mzima, karani mstaafu, mzee wa kanisa mwenye miwani na kofia ya heshima, aligeuka pale mlangoni akatoka mbio mpaka kofia ikadondoka uani na hakurudi kuiokota. Nimefundisha fizikia mpaka nikastaafu, nimefanya utafiti, nimeandika programu za kompyuta tangu enzi za kompyuta zilizojaa chumba kizima. Katika yote hayo sijakutana na kitu kilichonishtua kama mgongo wa yule mzee.

Ilikuwa Mbeya, miaka ya hamsini. Mimi ni mtoto wa Kihesa, Iringa, Mhehe kwa baba na kwa mama. Nilikuwa nimemaliza shule ya wasichana na masomo ya ualimu, kisha nikaolewa na mwalimu wa Kinyakyusa aliyekuwa akifundisha Mbeya. Bado sikuwa na mtoto wala shule ya kufundisha, nikapata kazi kwa mtafiti mmoja Mzungu aliyekuwa akipima mvuto wa dunia katika nchi yetu ya milimani. Alikuwa na pendulamu, kipande cha shaba kilichoning'inizwa kikabembea. Mahali ambapo dunia inavuta zaidi, shaba hubembea haraka zaidi. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, huwezi kuiona kwa macho, kwa hiyo kila kipimo kilidai hesabu ndefu za kuchosha. Hizo hesabu ndizo zilikuwa kazi yangu, kwa mashine ya chuma yenye mkono wa kuzungusha.

Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Na mtafiti alikuwa ameniahidi jambo: hesabu zikikamilika vizuri kabla hajarudi kwao, angenipendekeza kwa chuo kikuu kimoja nje ya Tanganyika nikasomee fizikia. Mimi, msichana wa Kihesa! Nilikuwa sijawahi kusikia mwanamke wa kwetu aliyesomea kitu kama hicho. Nilizungusha ule mkono wa chuma mpaka kiganja kikaota sugu.

Sasa, kabla ya harusi shangazi wa mume wangu alikuwa amenikalisha chini akanifunda. Kwao, aliniambia, mkamwana na baba mkwe hawaonani, hawasemezani, hawapishani hata njiani. "Ukisikia anakohoa, wewe ingia kwenye majani." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nikidhani ni heshima kama za kwetu, za kuchuchumaa na kuinamisha macho. Siku ya harusi nilifunikwa gubigubi na mzee akakaa mbali, kwa hiyo sura yake sikuijua, naye yangu hakuijua.

Mtafiti naye hakujua lolote. Alitafuta karani mzoefu wa kurudia hesabu zangu na kuzihakiki, akampata mzee mmoja mstaafu, na alipogundua kwamba ni baba wa mume wangu alifurahi, akaamua kutushtukiza kwa furaha. Tulishtuka kweli.

Asubuhi hiyo mlango ulifunguliwa, akaingia mzee nadhifu anayetabasamu, kofia mkononi. Mimi nililelewa. Niliinuka kwenye mashine, nikachuchumaa, nikamsalimia Kihehe kwa sauti ya kutosha, "Kamwene, baba!" Mzee akafungua kinywa aitikie. Hapo ndipo Mzungu alipodakia kwa kile Kiswahili chake, "Mzee, tazama! Huyu ndiyo bibi ya mtoto yako!"

Tabasamu lilizimika. Mzee akatoka kama nilivyosema. Nami maneno ya shangazi yakanijia yote kwa mkupuo, na kwa kuwa mlango wa nje wa chumba kile ulikuwa mmoja na mzee alikuwa ameupitia huo huo, mimi nikapitia dirishani. Gauni langu lilinasa kwenye komeo likachanika. Mtafiti alibaki katikati ya chumba, yeye na pendulamu yake inabembea.

Jioni mume wangu alirudi habari zimeshamfikia.

"Umemsalimia baba?"

"Nimemsalimia."

"Kwa mdomo?"

"Ulitaka nimsalimie kwa magoti?"

Aliketi kitandani, akashika kichwa. "Mke wangu, umeniua."

Nilikuwa nimeshikwa na aibu, lakini aliposema hivyo aibu ikageuka hasira. Kosa langu lilikuwa nini? Kuwa na adabu? Nilimwambia wazi kwamba kama neno moja la salamu litaninyima chuo, basi na yeye atafute mwanamke bubu. Kisha nikalia, maana nilijua kuwa mmoja wetu lazima aache ile kazi, na kati ya mkamwana na baba mkwe hakuna asiyejua nani ataambiwa aache.

Kumbe mzee hakutaka kuacha, wala hakutaka niachishwe. Alituma ujumbe kwa mume wangu, nao ulikuwa mfupi: atafutwe fundi seremala.

Nyumba tuliyofanyia kazi ilikuwa na vyumba viwili, kila kimoja na mlango wake wa nje. Fundi alipigilia misumari mlango wa katikati, kisha akakata tundu chini ya ubao, likatosha kupitisha kisanduku chenye karatasi za hesabu. Basi. Mimi upande huu na mashine, mzee upande ule na kalamu. Asubuhi niliwahi mimi. Yeye, aliyekuwa amepanga chumba mjini kwa muda wa kazi ile, akifika alikohoa getini, nami nikajua nisitoke. Jioni alikohoa tena akiondoka. Kati ya kikohozi na kikohozi kilichosikika ni mashine yangu na viatu vyake.

Nilidhani tatizo limekwisha, na hapo ndipo lilipoanza. Mtafiti alikuwa mbali kwa majuma, mara Chunya, mara Ipogolo, mara Kihesa kwetu. Mume wangu alikuwa darasani. Hapakuwa na mtu wa kupeleka neno. Kila nilichotaka mzee akifanye ilibidi nikiandike, naye akiwa na swali hakuwa na wa kumwuliza.

Vipimo vya Chunya vilipoletwa niliandika maagizo kama ambavyo ningemwambia mwenzangu yeyote wa shule. Mahali palipoinuka mvuto hupungua kidogo, kwa hiyo kila kipimo huongezewa kiasi kidogo cha kufidia mwinuko. Nikaandika: "Ongeza fidia ya mwinuko, kisha endelea hivyo mpaka mwisho wa karatasi." Nikasukuma kisanduku.

Kiliporudi nilitazama jibu la chini kabisa, nikalisoma mara mbili. Mvuto wa Chunya ulikuwa mkubwa kuliko wa mahali popote duniani. Mkubwa kwa kutisha! Nilijua maana yake: chini ya lile vumbi la Chunya kuna kitu kizito kisichosemeka, na kila mtu wa nyanda zile anajua Chunya wanachimba nini. Dhahabu. Mlima wa dhahabu umelala chini ya miguu ya watu wanaohangaika na makarai, na wa kwanza kujua ni mimi. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena.

Nilipotulia nikaisoma karatasi kuanzia juu, na mshtuko wa pili ukawa mbaya kuliko wa kwanza. Mzee alikuwa amechukua kipimo cha kwanza, akakiongezea fidia. Mstari wa pili, badala ya kuchukua kipimo cha pili, akaliongezea fidia lile lile jibu. Mstari wa tatu vile vile. Akaendelea hivyo mpaka mwisho wa karatasi, kwa mwandiko safi, bila kukosea hata tarakimu moja. Alikuwa amefanya nilichoandika, neno kwa neno.

Nilitaka kupiga kelele kupitia ubao. "Baba, hata wewe! Huoni kwamba haiwezekani?" Lakini nilikuwa nimekatazwa kusema, na baada ya kufoka kimoyomoyo kwa muda nikakubali kwamba hata ningeruhusiwa nisingekuwa na hoja. Karatasi ilikuwa yangu. Niliandika upya: "Hatua ya kwanza: chukua kipimo ambacho hakijawekewa alama. Hatua ya pili: kiongezee fidia, mara moja tu. Hatua ya tatu: kiwekee alama. Kama kimebaki kisicho na alama, rudi hatua ya kwanza. Kama hakikubaki, rudisha kisanduku."

Mzungu alipomsikia mume wangu akisimulia alicheka. Mimi sikucheka. Tangu siku ile niliandika kila kitu namna hiyo, na mzee akanifundisha bila kunifundisha. Hakuwahi kuniandikia neno. Hatua ikiwa wazi, kisanduku kilirudi na tarakimu. Hatua ikiwa na utata, ikiwa nimesahau kusema "isipokuwa" au "kama sivyo", kilirudi na karatasi tupu. Karatasi tupu ndiyo ilikuwa karipio lake, na niamini, nimewahi kukaripiwa na maprofesa ila hakuna karipio lililoniuma kama hilo. Nilikuwa natazama ile nyeupe, najiona mjinga, naanza upya.

Miaka mingi baadaye, nchi ya mbali, walitupeleka kuona kompyuta. Mwalimu alitueleza kwamba mashine hii haiulizi swali, haikisii ulichokusudia, inafuata ulichoandika tu, na ukiiambia irudie bila kuiambia lini isimame, itarudia mpaka kiama. Wenzangu waliotoka kwenye miji mikubwa walitoa macho. Mimi nilicheka mpaka nikatolewa nje. Ningewaelezaje kwamba mashine kama hiyo nilishaijua kule Mbeya, na kwamba yangu ilikuwa na kikohozi? Nilipokuja kufundisha, wanafunzi waliandika programu za ovyo nikawarudishia karatasi tupu, wakaniona mama mwenye roho mbaya.

Lakini kufika huko kulikuwa bado. Hesabu ziliisha, mtafiti akatimiza ahadi, na nafasi ikapatikana. Mume wangu alisoma barua, kisha akasema nilichokuwa naogopa. "Baba ndiye mwenye neno." Mbele ya darasa alikuwa mwalimu hodari. Mbele ya baba zake alikuwa hasemi kitu.

Kikao kiliitwa nyumbani kwa wakwe, huko kwenye migomba, upande wa Rungwe. Walikuja baba wadogo na baba wakubwa. Mimi niliwekwa jikoni nyuma ya nyumba, mahali pa mkamwana, nikiwa na moshi machoni na ukuta wa udongo sikioni. Fikiria: maisha yangu yanajadiliwa, na mwenye neno ni mtu mmoja duniani ambaye siruhusiwi kumwambia hata tafadhali.

Baba mdogo mmoja alianza. "Ng'ombe zetu zilienda Iringa. Sasa mtu tuliyemchukua aende tena Ulaya?" Mwingine akadakia, "Na hajazaa hata mmoja." Waliongea wee. Mume wangu hakusikika hata kuhema. Nilishachukulia kwamba imekwisha, nikaanza kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

Ndipo nikasikia kikohozi. Nilikijua. Kisha, kwa mara ya kwanza katika muda wote ule, sauti yake, taratibu, sauti ya karani anayesoma.

"Tutakwenda kwa utaratibu. Hatua ya kwanza: hapa ndani kuna mtu anaweza kufanya hesabu anayofanya mke wa mwanangu? Kama yupo, aende yeye. Kama hayupo, tunakwenda hatua ya pili."

Kijiko kilinitoka mkononi.

Mzee akaendelea. "Hayupo. Hatua ya pili: mume wake atangoja. Kama kuna anayekataa, aseme."

"Mimi nakataa," alisema baba mdogo. "Ng'ombe zetu..."

"Umekataa. Tunarudi hatua ya kwanza. Wewe unaweza ile hesabu?"

"Sasa kaka, hesabu na ng'ombe wapi na wapi?"

"Unaweza au huwezi?"

"Siwezi."

"Hatua ya pili."

Akakataa mwingine, naye akarudishwa hatua ya kwanza. Akakataa baba mkubwa, mtu mzito kuliko wote, na mzee akamrudisha kwa heshima zote, "Samahani, kaka, hatua ya kwanza." Waliguna, mmoja akacheka, mwisho wakachoka. Alipouliza tena nani anakataa, hakuna aliyejibu. "Kama hayupo anayekataa," alisema, "kazi imekwisha." Yalikuwa maneno yangu. Mpangilio wangu, "kama" zangu, "rudi" zangu, nilizoandika nikiwa na hasira naye, yanatoka kinywani mwake mbele ya ukoo. Niliketi chini kwenye majivu nikiwa na gauni langu zuri.

Watu walipotawanyika nilisikia kikohozi kikikaribia jikoni. Nikageukia ukuta, nikajifunika khanga kichwani kama inavyotakiwa. Viatu vilisimama. Siku nyingine zote vilipita tu.

"Nimefuata kama ilivyoandikwa," alisema. Aliyaambia magogo ya kuni, hakuniambia mimi. Kisha akaenda zake.

Nilikuwa na neno moja tu la kumpa, lile la siku ya kwanza, likanifika kooni nikalimeza. Alifariki nikiwa masomoni, na ile salamu yangu hakuwahi kuiitikia.