Kifua cha Fundi Zablon

Zablon alikuwa fundi wa paa. Tangu miaka ya sitini, shule na zahanati nyingi kati ya Homa Bay na Uriri aliziezeka yeye kwa mabati mazito ya asbesto, akiyakata kwa msumeno. Vumbi lake lilikuwa jeupe, laini kama unga wa muhogo. Jioni mafundi waliliteremsha kooni kwa uji, wakichekana jinsi walivyoota mvi kwa siku moja.

Mwaka 1996 pumzi ikaanza kumpungukia. Mwanzo alikuwa akisimama njiani, akijifanya anatazama mahindi ya watu. Kisha maumivu yakahamia chini ya mbavu za kulia, yasimwache akilala wala akiketi. Akakonda mpaka suruali ikashikiliwa kwa kamba. Makohozi yalipopimwa hayakuonyesha kifua kikuu. Akapewa dawa za ugonjwa huo hata hivyo, akazimaliza, akazidi kukonda.

Kaka yake mkubwa, Barnabas, hakuhitaji maabara.

"Hii ni chira, omera, laana ya kuvunja mwiko. Ulijenga boma lako kabla yangu mimi mkubwa. Kosa hilo ndilo linalokukausha. Bomoa, urudi kwa baba, unywe dawa ya manyasi utakasike."

"Abomoe, watoto walale mdomoni mwako?" akauliza Roselyn, mke wa Zablon.

"Shemeji, wewe unataka nyumba. Mimi nataka ndugu yangu."

Neno hilo likamwingia Zablon. Akakubali kubomoa baada ya mavuno. Roselyn hakubishana, alimpeleka hospitali ya Homa Bay, angalau apumue.

Daktari alipitisha sindano kati ya mbavu, akatoa maji mengi yenye wekundu wa damu. Pumzi ikarudi. Muda si mrefu maji yakajaa tena, upande uleule. Ndipo daktari akavuta kiti.

"Mzee, ujanani ulifanya kazi gani?"

Watu wote walikuwa wamemuuliza amemkosea nani. Zablon akaeleza juu ya msumeno na vumbi.

"Vumbi hilo hukaa kifuani hata miaka thelathini likiwa kimya," daktari akasema. "Pumzi fupi, maumivu ya upande mmoja, kukonda, maji yanayorudi. Nahofia ni saratani inayoletwa nalo."

Wakakata kipande kidogo cha nyama ya kifuani, kikapelekwa Nairobi kupimwa. Jibu likawa hilohilo.

"Kuiponya hatuwezi. Maji na maumivu tutayapunguza. Nyumba yako haina hatia, mzee. Ila niambie, ulipokuwa ukikata, bati lilishikwa na nani?"

Zablon aliporudi nyumbani, Barnabas alikuja jioni na kibuyu cha manyasi, akakiweka mlangoni. Zablon akamsimulia yote.

"Na bati ulilishika wewe, Barnabas. Miaka minne."

"Mimi mzima."

"Haya, vuta pumzi mpaka mwisho."

Barnabas akavuta, akakatiza katikati. Mkono ukaenda mbavuni wenyewe.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipopanda mahindi."

"Nawe ulijenga kabla ya nani?"

Barnabas akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Roselyn akakiondoa kibuyu mlangoni, mtu asije akakikwaa. Jumatatu ndugu hao wawili wakateremka pamoja kwenda Homa Bay, wakipumzika kila penye kivuli.