Kadi Iliyokuwa kwa Mtakatifu Agata

Balaa lilianzia kwenye sidiria. Zuleide, msusi mwenye maneno kuliko wote mtaani kwake, alikuwa akivaa asubuhi ya Jumanne, titi la kushoto likagoma kuingia. La kulia limetulia mahali pake. La kushoto limevimba, limejaa, linajiona. Miaka kumi na saba mapacha hao wa silikoni walikuwa hawajawahi kutofautiana.

"Wifi, hebu njoo!"

Dalvina, dada wa mumewe, akaacha kahawa aliyokuwa akiichuja, akaja, akashika kiuno. "Makubwa! Sasa hili linakwenda wapi peke yake?"

"Usinichekeshe, mwenzio naogopa."

"Basi vaa shati la kaka yangu twende hospitali. Maana sidiria hiyo haifungiki."

Daktari Hermínia hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alipitisha ultrasaundi, akaona maji yamekusanyika kuzunguka kifuko cha silikoni, akayavuta kwa sindano yaende maabara. Uvimbe unaokuja miaka mingi baada ya upasuaji haudharauliwi, alisema. Mara nyingi si jambo la kutisha, lakini ipo saratani ya nadra sana inayoota kwenye utando unaozunguka kifuko, hasa vile vyenye ganda la kukwaruza, si vile laini.

"Vyako ni vya aina gani, mama?"

"Mia tatu na ishirini kila kimoja," Zuleide akajibu kwa maringo.

"Sijauliza ukubwa. Umekuwa ukivipima?"

"Kupima nini tena? Si vya maisha?"

"Nani kakudanganya? Vinachakaa hivyo. Vinaweza kupasuka kimyakimya, usisikie hata kuuma, ndiyo maana watu wanapigwa picha. Aliyekupasua yuko wapi?"

"Marehemu. Kliniki yake siku hizi wanaogesha mbwa."

"Basi nipe kadi. Ulipewa kadi yenye aina na namba, sivyo?"

Zuleide akainamisha kichwa. "Ipo kwa Mtakatifu Agata."

Daktari akavua miwani. Hakuuliza zaidi, maana naye ni mzaliwa wa milimani kwetu. Huku mtu akipona mguu anapeleka mguu wa nta kwenye chumba cha miujiza kanisani, akipona kichwa anapeleka kichwa. Zuleide hakuwa mgonjwa siku zile, ila aliogopa dawa ya usingizi kupita kiasi, akamwekea nadhiri Agata, mtakatifu anayeombwa kwa maradhi ya matiti: nikiamka salama, nakuletea matiti ya nta. Akaamka, akapeleka. Na kwa kuwa chumba kile kimejaa matiti ya watu, akayabandika kadi yake kwa nyuma ili mtakatifu asimchanganye na mtu mwingine. Jamani! Akili nyingine hasara tupu.

Kesho yake mawifi wawili wakapanda basi hadi kanisani kwa Agata. Mzee Ormindo, mtunza kanisa, akawazuia mlangoni.

"Hapa watu wanaleta, mama. Hawachukui."

"Nakopa tu, mzee wangu."

"Unakopa kwa mtakatifu?"

Hapo Zuleide akaangua kilio. Aliogopa ugonjwa, aliogopa kumuudhi Agata, na hakujua aanze kuogopa kipi. Mzee akakohoa, akaleta ngazi.

Dalvina akapanda, akaanza kugeuzageuza nta moja baada ya nyingine. "Haya je?"

"Hayo yamelala, si yangu."

"Haya?"

"Ebo! Yangu yana adabu hivyo?"

Rafu ya juu kabisa, nyuma ya goti la nta la mtu, wakayakuta, kadi imeng'ang'ania kwa gundi. Zuleide akaisoma kwa sauti. Ganda la kukwaruza. Akaitia kifuani, akapiga magoti pale sakafuni: "Agata mama yangu, niazime. Nikipona nitakuletea kikubwa kuliko hiki."

Majibu yalichukua siku nane, na siku nane hizo Zuleide alisuka watu bila kumteta mtu hata mmoja, wateja wakaanza kuulizana kuna nini. Siku ya tisa daktari akampigia simu: chembe za saratani hazikuonekana. Ila kifuko cha kushoto kimepasuka. Anaweza kuwekewa vipya, navyo siku moja vitahitaji kisu tena, au avitoe moja kwa moja.

"Vitoke," akasema Zuleide.

"Hee, na kaka yangu?" Dalvina akadakia.

"Kaka yako ana kitambi, mbona sijamwambia akitoe?"

Kidonda kilipofunga, walirudi kanisani. Zuleide amevaa blauzi nyepesi, kifua kimemrudia kama cha usichana, anakigusa kila mara kuhakikisha ni chake. Akamkabidhi Mzee Ormindo chupa ya kioo. Mzee akaitikisa.

"Mama, nta ya safari hii mbona inacheza?"

"Si nta hiyo. Safari ile nilileta mfano, leo nimeleta vifuko vyenyewe."

"Na kadi?"

"Kadi naondoka nayo, daktari asije akaiuliza tena," akasema, akaupigapiga mkoba. Kisha akaiinulia macho sanamu ya Agata. "Umeniamsha mara mbili, mama. Ya tatu sikusumbui."