Kupe au Kimeta

Delmira Techera alianza kukamua ng'ombe akiwa na miaka sita, huko kaskazini mwa Uruguay, na hakuna aliyewahi kumwona akiogopa kitu chenye pembe. Fahali aliwahi kumkimbiza mpaka kwenye seng'enge. Delmira akageuka, akamtukana, fahali akarudi. Majirani waliisimulia habari hiyo kila mwaka, na kila mwaka yule fahali alizidi kunenepa.

Jumanne moja aliogopa. Walikuwa na mitamba kumi na tisa walioletwa kutoka kusini, ambako kupe hakuna, na mmoja alikutwa asubuhi amekufa ghafla. Elbio, mumewe, akafanya wafanyacho wanaume wa kule wakiona mzoga: alichomoa kisu akamchuna, maana ngozi haitupwi. Akampasua na tumbo. Bandama ilikuwa imevimba, nyeusi tii. Kisu kikateleza, kikamkata kidole.

Ugonjwa wa kupe huvimbisha bandama namna hiyo. Kimeta nacho vivyo hivyo, ila kimeta huua na mchunaji.

"Kupe tu hao," alisema Elbio. Lakini Delmira alipompa kibuyu cha mate, chai ya majani machungu inywewayo kule kwa mrija, aliusukuma mrija pembeni. "Kunywa wewe. Leo tumbo halitaki."

Miaka thelathini na minne walinyonya mrija mmoja, hata siku walizonuniana. Delmira akaelewa: mumewe aliogopa kumwambukiza.

Alivaa mifuko ya nailoni mikononi, akapaka damu ya sikio la mzoga kwenye vioo viwili vya kupimia, akapanda pikipiki. Kilomita arobaini za changarawe alisali sala ambayo mfugaji mwenye akili timamu haisali: Mungu wangu, wawe kupe.

"Kaa, Mama Delmira," alisema Nair, daktari wa mifugo mjini.

"Sikai. Tazama damu hii. Elbio amemchuna mtamba aliyekufa, akajikata kidole."

"Lazima damu ishike rangi ya kupimia kwanza. Kidole kimevimba?"

"Kidogo."

"Ametia nini?"

"Pombe ya miwa. Nusu kidoleni, nusu tumboni."

Nair hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Daktari aliinamia darubini muda mrefu, akisogeza kioo kidogo kidogo. Delmira alikodolea macho kisogo chake, akihesabu pumzi.

"Njoo uone."

Ndani ya chembe za damu mlikuwa na vijidudu viwili viwili, kama mapea yaliyoungana vikonyo.

"Hawa ni wa kupe. Kimeta huonekana kama vijiti, na vioo vyote viwili havina hata kimoja."

Delmira akaangua kilio, bila kumwonea haya mtu.

"Pole, mama. Ila mitamba wako hawakuzoea kupe, wote wamo hatarini. Chukua sindano hizi, uwahi. Wengine hutawawahi."

Aliporudi alimkuta Elbio ameketi nje ya geti, mbali na nyumba, mkono ameufunga kitambaa.

"Simama hapo hapo!" alifoka. "Usinisogelee. Sema."

"Kupe."

Elbio alifumba macho. Kisha, mfugaji ni mfugaji, akageuka kutazama malishoni. Mitamba watatu walikuwa wamejitenga na wenzao, vichwa chini.

"Basi tumekwisha, Delmira. Watakufa wale."

"Wafe," alisema Delmira. "Lete mkono."