Mama Kwenye Benchi la Gemu

Juzi mchana, ofisini kwetu Kagugu, vijana walikuwa wanabishana kuhusu gemu. Unaujua ubishi wa saa ya chakula. Mmoja anasema gemu za zamani zilikuwa na utamu wake, mwingine anasema picha zake zilikuwa kama matofali yanayokimbia, wa tatu anawakata kauli wote wawili kwamba gemu ya siku hizi si gemu tena, ni duka, maana kila ukifika mahali pazuri inakutaka umnunulie mchezaji wako viatu. Mimi nilikuwa nakula ndizi na maharage yangu kimya. Ndipo mmoja wao, kwa adabu tu, kama mtu anayemsogezea mgeni kiti, akaniuliza, "Na wewe dada, kwenu mlikuwa mnacheza?"

Nikajibu bila kufikiri, "Mama yangu ndiye aliyekuwa anacheza."

Wakacheka. Walidhani ni utani. Nami nikacheka nao, lakini nilisikia uso unachemka, joto lile lile nililolijua nikiwa msichana mdogo wa shule ya msingi, nikipita na jerikeni la maji mbele ya chumba cha gemu huku watoto wenzangu wakiniuliza kama leo mama kashinda au kafungwa. Miaka yote hii, na uso bado haujasahau.

Tulikuwa tunaishi Masaka, upande wa Kicukiro, wakati nyumba zilikuwa chache na mashamba ndiyo mengi. Wazazi wangu walikulia Tanzania, na waliporudi kwenye nchi ya wazee wao walirudi na Kiswahili chao, na ugali wao, na dagaa ambao harufu yake ilifika barabarani kabla ya moshi. Majirani walipika viazi vitamu na maharage, sisi tukasonga ugali. Walituita "Watanzania", si kwa ubaya, lakini si kwa wema sana pia. Kinyarwanda cha mama kilikuwa kinachechemea, na kila alipofungua mdomo dukani mimi nilitazama pembeni, nikisoma maandishi kwenye pakiti za sabuni. Mtoto anayetoka kwenye nyumba ya namna hiyo hujifunza mapema kutamani asionekane.

Baba alifanya kazi ofisini, mjini. Mtaani kwetu yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuzungumza habari za kompyuta jinsi wengine wanavyozungumza habari za ng'ombe: ina nguvu kiasi gani, inaugua magonjwa gani, ukiitunza itakufikisha wapi. Aliamini kompyuta imeletwa duniani kwa ajili ya kazi, na kwamba gemu ni wadudu walioiingia. Mimi leo nashinda mbele ya programu ya hesabu inayoniuliza neno la siri kila nikinyanyuka kwenda kunywa maji, na nikikuambia ukweli, sijaona akili ambayo baba alikuwa anaisifu. Lakini enzi zile neno lake lilikuwa neno.

Chumba cha gemu kilikuwa karibu na pale moto, pikipiki za kukodi, zinapopaki kungoja abiria. Matofali ya udongo, bati juu, pazia badala ya mlango. Mwenyewe alikuwa Mkongo, mtu wa tumbo na sauti ya polepole. Alikuwa na televisheni mbili, mashine mbili, na mabenchi yaliyong'arishwa na kaptura za watoto. Diski ikikwaruzika aliipaka dawa ya meno, akaisugua kwa kitambaa, akaipuliza kama anayepoza uji, na mara nyingi ilikubali. Kwenye kona alikuwa na kompyuta moja kuukuu, watu wakimletea simu na flashi awawekee nyimbo: rumba, kwaya, na zile za vijana ambazo wazazi hawakutaka kuzisikia. Nyingi zilikuwa zimekatika mwishoni. Hadi leo kuna nyimbo nikizisikia nzima kwenye simu nashangaa kwamba kumbe zina mwisho, na sitakuficha, wakati mwingine naona zilikuwa nzuri zaidi zilipokatika.

Humo ndimo alimoshinda kaka yangu.

Kaka alikuwa amefeli mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Hilo peke yake lingepita, watoto wengi walifeli. Lakini siku moja baba alileta wageni, wenzake wa ofisini, na kaka akaingia sebuleni na sinia la chai ya maziwa. Mgeni mmoja akamuuliza anasoma shule gani sasa. Baba akamjibia. "Huyu? Huyu ametuaibisha. Muulizeni kama anajua hata kuandika jina lake." Wageni wakacheka kidogo, kile kicheko cha adabu ambacho mtu hucheka akiwa kwenye nyumba ya mwenzake. Kaka akaweka sinia mezani taratibu, wala chai haikumwagika. Akatoka.

Tangu siku ile hakuongea. Usifikiri alinuna. Aliteka maji, alikata majani ya ng'ombe, alipalilia maharage na sisi, ukimwita alikuja. Ila alijibu kwa kichwa. Akimaliza kazi alikwenda kwenye gemu, na giza likianza kuingia alirudi, akala, akalala. Mama alimpikia vitu alivyovipenda, mchungaji akaitwa akamwekea mikono kichwani, na kaka akainamisha kichwa, akapokea maombi, akanyamaza. Misimu miwili ya maharage ilipita hivyo. Baba alijifanya haoni. Nadhani alikuwa anaona kuliko sisi sote.

Mama alikuwa na usemi wake: mtoto hafokewi akiwa mlangoni, hufokewa akishakula. Kwa hiyo alasiri moja, tukitoka shambani na vikapu vya viazi, alipogeuka ghafla kuelekea kile chumba, nilipunguza mwendo. Nilijua anakwenda kumburuta kaka mbele ya watu. Miguu yetu ilikuwa na matope hadi kwenye vifundo. Akasukuma pazia.

"Karibu, mama," Mkongo akasema. "Mutoto yako iko pale. Haiko na mambo mubaya, iko nacheza tu."

"Hapa anaongea?" mama akauliza.

Mkongo akafikiri. "Hapana. Hata hapa haongee. Lakini anacheza muzuri sana."

Mama akasimama na kikapu chake kichwani, akitazama kile kisogo cha kaka ambacho hakikugeuka. Kisha akatua kikapu, akafuta mikono kwenye khanga, akasema kwa Kiswahili chake cha wazi, chumba kizima kikisikia, "Basi na mimi nifundishe."

Nilitoka nje. Nilisikia kicheko kikiniandama hadi barabarani.

Kaka naye alitoka, kwa siku nyingi. Mama akiingia, yeye anaondoka. Mama hakumfuata. Alikaa benchini na watoto wadogo, khanga ikiwa imefungwa kiunoni, pedi ya kuchezea ameishika kama mtu aliyeshika kifaranga, mchezaji wake akikimbia peke yake hadi nje ya uwanja wakati wenzake wanafunga magoli. Wakimcheka alicheka nao. Akamuuliza Mkongo kitufe hiki ni cha nini, na kile je, na akifika nyumbani, akichambua mchele, nilikuwa naona vidole gumba vyake vinajifunza juu ya ungo. Mimi nilikuwa nataka ardhi inimeze. Shuleni waliniita Mtoto wa Mchezaji. Kina mama wa kwaya walianza kunyamaza mama akikaribia. Jirani yetu aliniita pembeni siku moja, akaniuliza kwa sauti ya huruma kama mama yuko salama kichwani.

Halafu siku moja kaka hakuondoka.

Niliijua habari hiyo kwa sababu baba alinituma. Kulikuwa na wageni tena, na mama hayupo, na baba akaniambia kwa meno yaliyofungwa, "Nenda kamlete mama yako." Nilikimbia. Nikasimama kwenye pazia, sikuwa na ujasiri wa kuingia. Ndani walikuwa wamekaa bega kwa bega, mama na kaka, wote wakiitazama televisheni, timu moja, wakicheza dhidi ya vijana wawili waendesha moto. Mama alikuwa amefika na mpira karibu na goli, akawa anazungukazunguka nao, hajui afanye nini.

"Piga," kaka akasema.

Sauti ilikuwa nzito, ilikuwa imebadilika humo ndani ya ukimya bila sisi kujua. Hata mimi sikuitambua mara moja.

"Piga, mama. Piga sasa."

Mama akapiga. Mpira ukagonga mwamba, ukatoka nje. Kaka akacheka, kicheko cha puani, akasema, "Ulichelewa." Mama akasema, "Nimechelewa, ndiyo. Nifundishe." Hawakutazamana. Mkongo aliyekuwa kwenye kona akapunguza sauti ya muziki, akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Ningependa kukuambia kwamba nililia kwa furaha. Sikulia. Nilikuwa mtoto, na nyuma yangu wenzangu walikuwa wamejaa wakichungulia, na nilichokuwa naomba ni wageni wa baba wasipite njia ile.

Haikuishia hapo, kwa sababu mambo kama hayo mtaani hayaachwi. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, baada ya kufyeka na kusafisha mitaro, watu tuliketi kwenye majani kwa mkutano kama kawaida. Kiongozi wa mtaa akazungumzia taka, akazungumzia ulinzi, kisha akasema kuna wazazi wanaoshinda kwenye vyumba vya gemu pamoja na vijana, na kwamba hilo si malezi. Hakutaja jina. Hakuwa na haja. Vichwa viligeuka vyote, na mimi nikajificha nyuma ya jembe la baba kana kwamba jembe linaweza kumficha mtu.

Mama akasimama. Akaanza kwa Kinyarwanda, kikamkwama, akahamia Kiswahili.

"Mzazi huyo ni mimi," akasema. "Mtoto wangu alikuwa haongei. Nilimngoja nyumbani, hakuja. Nikamfuata alipo. Angekuwa kisimani, ningeshuka kisimani. Yuko kwenye gemu, nimeingia kwenye gemu. Mwenye njia nyingine aniambie, nitaiacha hii leo."

Akakaa. Mzee mmoja akakohoa, na kiongozi akasema, "Yego, mama," yaani ndiyo, kwa sauti ya chini, akahamia habari za bima ya afya. Nilimtazama baba. Alikuwa anakwangua udongo kwenye jembe lake kwa kijiti, anakwangua mahali palipokuwa safi tayari.

Wiki hiyo, akitoka kazini, baba alifika hadi kwenye lile pazia na viatu vyake vya ofisini. Mkongo akamkaribisha. Baba akasema, "Napita tu," akabaki amesimama pale nje muda mrefu kwa mtu anayepita. Kisha akaenda nyumbani. Hakuwahi kuomba radhi, wanaume wa umri wake hawakufundishwa. Lakini usiku ule mezani alichukua kipande chake cha nyama, akakiweka kwenye sahani ya kaka, na kaka akasema, "Asante, baba." Tukaendelea kula. Nakumbuka hakuna aliyethubutu kuomba chumvi.

Kaka alirudia darasa. Hakuwa mtu mkubwa, nisikudanganye. Ni fundi umeme, anavuta nyaya kwenye majumba yanayoota kila siku kule Kinyinya, ana mke na watoto, na anaongea kuliko sisi wote. Mkongo alihama, hatukujua alikokwenda. Pale pazia lilipokuwa pamejengwa ghorofa, chini wanauza vigae. Mashamba yetu ya maharage yana lami katikati.

Mwaka jana mama alikwenda kumtembelea kaka, akaomba acheze na wajukuu. Wakawasha mashine, ikasema inajisasisha kwanza. Ikajisasisha. Mama akangoja na pedi mkononi, na ile pedi ina vitufe hata mgongoni, hadi usingizi ukamchukua kwenye kochi. Wajukuu walikuwa wameshahamia kwenye simu zao, kila mmoja na gemu yake, kila mmoja anacheza na watu ambao hawamo chumbani. Kaka aliponisimulia alicheka.

Nami nina binti. Ana umri aliokuwa nao kaka siku zile. Jioni anakaa upande ule wa kochi na vile vipokea sauti vyake masikioni, kichwa kinafuata muziki nisioujua, vidole vinacheza kitu nisichokiona vizuri. Si mtoto mbaya. Nikisogea karibu anatoa kimoja sikioni na kuniuliza, "Unasema, mama?" Nami namwambia hapana, sijasema kitu, kisha nainuka kwenda kutazama chakula jikoni. Ningeweza kumwambia anisogezee nafasi, anionyeshe kitufe hiki ni cha nini. Ni maneno mawili matatu tu, na nimeyasikia yakisemwa na mwanamke mwenye matope miguuni mbele ya chumba kizima cha watu wanaocheka. Naona aibu.