Aliyemshika Shangazi Puani

Mama Pacha alianza kuogopa ng'ombe siku Shangazi alipomvunja mbavu kwa teke. Shangazi mwenyewe ni ng'ombe. Mama mkwe wa Mama Pacha ndiye aliyempa jina hilo, akidai hajaona kiumbe kigumu kuridhika kama yeye, ukiacha wifi zake. Tangu hapo, kila asubuhi Mama Pacha alisimama mlangoni mwa banda na ndoo yake kwa muda kabla ya kuthubutu kuingia. Hakumwambia mtu. Katika nyumba ile, yeye ndiye mkamuaji.

Kisha upepo ukang'oa bati la paa, likaanguka kwa kishindo kando ya hori. Shangazi alipiga ukuta teke, akaendelea kula. Mpole, ng'ombe mdogo aliyekuwa na ndama wake wa kwanza, aliingiwa na hofu isiyotoka. Alitetemeka hata ndoo ikiguswa. Akakataa majani, akakataa pumba, mwisho akaacha kucheua. Kiwele kikanywea.

Daktari wa mifugo alisikiliza ubavu wake wa kushoto kwa muda mrefu.

"Kimya kabisa," alisema. "Tumboni mwa ng'ombe mna vijidudu vingi mno, ndivyo vinavyomvundikia majani yakawa chakula. Huyu aliogopa, akaacha kula, navyo vikafa njaa. Hata akila sasa, majani yatamkalia tumboni tu."

"Atakufa?" Mama Pacha aliuliza.

"Tukichelewa. Inabidi tumtilie vijidudu hai kutoka kwa mwenzake mzima."

Daktari, Mama Pacha na mama mkwe wakamgeukia Shangazi.

"Nitamshika mimi," alisema mama mkwe.

"Mama, vidole vyako havikunjiki."

"Basi nani?"

Mama Pacha alirudi nyuma hatua moja. "Mama, naogopa. Naogopa sana."

"Najua, mwanangu. Kila asubuhi nakuona pale mlangoni. Nilidhani nikisema utaona aibu."

Mama Pacha akaingia zizini kwa Shangazi. Alimkumbatia Shangazi kichwa, akamshika puani, huku daktari akipitisha mpira mrefu kooni mpaka tumboni. Shangazi akajitupa. Ubao wa zizi ulilia, na Mama Pacha akabanwa ukutani, upande uleule wa mbavu. Alipiga yowe, lakini vidole havikuachia. Maji ya kijani, yenye joto na harufu kali, yakaanza kujaza ndoo. Kabla hayajapoa, daktari aliyamimina tumboni mwa Mpole kwa mpira uleule.

Kutwa nzima hapakutokea kitu. Mama Pacha alikaa kwenye majani makavu, akihesabu pumzi za Mpole na kuogopa kila iliyochelewa. Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, Mpole alicheua. Taya likaenda upande, likarudi.

"Meza basi, mama, meza," Mama Pacha alinong'ona, machozi yakimtoka.

Maziwa yalirudi polepole, wala hayakufikia kiasi cha zamani. Hofu ya Mama Pacha nayo haikuisha. Siku hizi anapomkamua Shangazi, mama mkwe huweka kigoda karibu na kichwa chake, akaketi na kumsuta ng'ombe yule kwa sauti ya chini mpaka ndoo ijae.